Malisho ya mzunguko Kongwa: shajara ya msimu mzima

Oktoba: tunapoanzia

Mwaka huu tunajaribu malisho ya mzunguko: kuligawa eneo katika vitalu na kulisha kimoja baada ya kingine, vingine vikipumzika. Eneo ni ekari 200 za ukoo, sawa na hekta 80 hivi, wilayani Kongwa, mkoa wa Dodoma. Ng'ombe ni 44 wa kila umri. Wengi ni wa kienyeji, wale wadogo wenye nundu, na wachache wana damu ya Mpwapwa, aina iliyotengenezwa hapo jirani kwenye kituo cha utafiti kwa kuchanganya ng'ombe wetu na Sahiwal na Red Sindhi waliotoka Bara Hindi. Mzani wa ng'ombe haupo karibu, kwa hiyo nimewapima kwa utepe wa kifua. Kundi zima linakuja kama uniti 32, uniti moja ikiwa ni mnyama wa kilo 250. Mnyama wa namna hiyo hula kwa siku takriban asilimia 2.5 ya uzito wake, majani yakihesabiwa yakiwa makavu: kilo 6.25 kwa uniti, kilo 200 kwa kundi. Hizo kilo 200 kwa siku ndizo msingi wa hesabu zote zitakazofuata humu.

Mvua ya Kongwa ni ya msimu mmoja. Inaanza Desemba, inakata Aprili, na kinachobaki ni ukavu mtupu. Naliandika mapema kwa sababu maelezo mengi ya malisho ya mzunguko yanayosambazwa yametoka kwenye nchi ambako majani yanaota karibu mwaka mzima. Mfaransa André Voisin, aliyefuga ng'ombe Normandie na kueleza jambo hili vizuri sana miaka ya 1950, alikuwa na mvua kila mwezi. Sisi hatuna.

Hadi leo uchungaji wetu ni ule ule wa siku zote: asubuhi kundi linatoka zizini, linafuata njia moja kwenda kwenye lambo, linarudi jioni kwa njia ile ile. Matokeo yanaonekana kwa macho. Karibu na lambo ardhi ni kipara, imeshika ukoko mgumu, mvua ikinyesha maji yanateleza juu yake na kwenda zake. Mbali na maji kuna majani marefu ya miaka miwili au mitatu, yamekuwa kijivu, ng'ombe hawayataki. Shamba moja lina njaa na shibe kwa pamoja.

Tumeligawa eneo katika vitalu 10 vya ekari 20 kila kimoja. Uzio hakuna. Mipaka ni mibuyu, korongo, njia ya zamani ya trekta, na pale pasipo na alama ya asili tumepanga mawe na kuyapaka chokaa. Nilipiga hesabu ya uzio wa umeme wa sola na nikaachana nao kwa sasa. Bei ni kikwazo, lakini kikwazo kikubwa zaidi ni udongo wenyewe: uzio wa umeme unapiga pale ambapo mkondo unaweza kurudi kwenye mashine kupitia ardhini, na ardhi yetu mwezi wa tisa ni kavu kiasi kwamba mkondo haurudi vizuri. Wenye mazingira kama haya huongeza waya wa pili unaofanya kazi ya ardhi, na gharama inapanda tena. Tuna mchungaji mwenye macho, na kwake hela inakwenda mbali zaidi.

Novemba: maji na zizi

Kazi ya mwezi mzima imekuwa bomba. Watu wakisikia malisho ya mzunguko wanafikiria uzio, lakini kinachoamua kitalu kipi kitatumika ni maji. Uniti moja hunywa lita 20 mpaka 40 kwa siku kutegemea joto, kwa hiyo kundi letu linataka lita 1,000 hivi. Kama maji yako sehemu moja tu, hata ukigawa vitalu mia ng'ombe watarudi pale pale kila siku na kipara kitapanuka.

Tumelaza bomba la inchi moja kutoka kwenye simtanki lililo juu ya mwinuko, likapita katikati ya eneo, na kila baada ya umbali fulani tumeweka koki. Birika la kunyweshea ni pipa la chuma lililokatwa nusu kwa urefu na kuchomelewa miguu. Watu wawili wanalibeba na kulihamishia kwenye koki ya kitalu kinachofuata. Vitalu viwili vya upande wa mashariki bomba halijafika. Hivyo vitatumika zaidi masika, madimbwi yakiwepo.

Zizi la usiku nalo tumeliondoa kwenye miguu yake. Badala ya boma la miiba la kudumu tuna nguzo nyepesi na turubai nzito iliyozungushwa pande zote. Fisi wasipoona kilichomo ndani wanakuwa na wasiwasi, na ng'ombe wasipowaona fisi hawakurupuki kuvunja. Tunaliweka juu ya kipara, linakaa hapo kama wiki, linahamishwa. Kwato zinavunja ukoko, samadi na mkojo vinabaki palepale vinapotakiwa. Wazo hili si la kubuni: kule Laikipia, Kenya, maboma yaliyohamwa na wafugaji huacha viwanja vya majani mazuri katikati ya pori la miiba, na viwanja hivyo hudumu kwa miongo mingi kwa sababu ya rutuba ya samadi. Wanyamapori huvipenda kuliko pori linalovizunguka.

Vipara vibaya zaidi viko kitalu namba 7, upande wa chini. Wazee wanasema trekta zilipita huko enzi za mradi wa karanga wa Waingereza, ule ulioanza 1947 na kufa 1951. Ardhi ya Kongwa ina mfinyanzi unaokauka ukawa mgumu sana, na kuing'oa miti kwa minyororo na matinga hakukuisaidia. Zizi linaanzia hapo.

Desemba: kuzuia

Mvua ya kwanza ilinyesha vizuri na ndani ya siku chache kukawa na ubichi kila mahali. Huu ndio wakati mgumu kuliko wote wa mwaka, na ndio unaoharibu malisho mengi ya Dodoma bila watu kujua. Jani linapochipua baada ya kiangazi halijitegemei bado; linatumia akiba iliyobaki kwenye shina na mizizi. Likikatwa hapo, na likachipua tena, na likakatwa tena, akiba inaisha na shina linakufa. Na ng'ombe mwenyewe hafaidiki: anatembea kutwa nzima akifukuzia ubichi wa sentimita tatu na anarudi na tumbo bapa.

Kwa hiyo tumelizuia kundi kwenye kitalu namba 4, ambacho tumekubali kiumie mwaka huu kwa niaba ya wenzake, tukiwapa mabua ya mtama na majani makuukuu yaliyobaki. Mzee wetu wa malisho, ambaye amechunga tangu utoto, hakupendezwa. Alisema ng'ombe wakishanusa mvua hawasikii fimbo. Kweli, siku za mwanzo walisumbua, wawili wakatoroka usiku mpaka shamba la mahindi la jirani, na suala likamalizwa kwa maneno mazuri na debe la mahindi.

Fimbo ya mzee sasa ina alama mbili zilizochongwa kwa kisu. Ya juu iko sentimita 35 kutoka ncha ya chini, na majani yakifika hapo kitalu kinaweza kuingiwa. Ya chini iko sentimita 15, na yakishuka hapo kundi linatoka. Hakuna kalenda wala simu. Anasimamisha fimbo katikati ya majani kwenye sehemu tano au sita za kitalu, anatazama, anaamua.

Januari: duru ya kwanza

Tumeanza kuzunguka. Vitalu viwili, namba 2 na namba 9, vimefungwa masika yote. Vinane ndivyo vilivyo kwenye mzunguko, pamoja na namba 4 ambacho kimepewa mapumziko marefu kabla ya zamu yake. Kundi linakaa siku 4 kila kitalu, maana yake kila kitalu kinapumzika siku 28 kabla ya kuguswa tena.

Kwa nini siku 4? Kwa sababu ya mdomo wa pili. Ng'ombe akikata shina leo, mvua ikiwepo, siku ya tano au ya sita limeshatoa ubichi mpya, laini, mtamu kuliko yote yaliyo karibu. Ng'ombe akiwa bado yupo atalirudia hilo hilo na kuacha la pembeni lililokomaa. Ndivyo senkrasi (*Cenchrus ciliaris*, jani letu bora) linavyokufa huku majani yasiyoliwa yakishamiri. Ukiondoka kabla ya mdomo wa pili, umelilinda bila kulizungushia kitu.

Tatizo dogo: kundi la ng'ombe 44 kwenye ekari 20 halijabanana. Bado wana nafasi ya kuchagua. Mzee anawakata njia kwa kuwalisha kipande kwa kipande, asubuhi upande mmoja, alasiri upande mwingine, na kuwaweka pamoja. Hapo ndipo mchungaji anapotofautiana na mtu wa kufuata ng'ombe. Vijana wengi wanaochunga siku hizi wanafuata tu, macho kwenye simu.

Februari

Mvua imekatika katikati ya msimu, kama inavyofanya miaka mingi hapa. Tumepunguza kasi: siku 6 kila kitalu badala ya 4, mapumziko yakawa siku 42. Watu hudhani mambo yakiwa magumu inabidi kuhama haraka haraka kutafuta penye nafuu. Ni kinyume. Majani yakiota upesi, hama upesi; yakiota polepole, kaa zaidi, ili yale uliyoyaacha nyuma yapate muda wa kutosha. Ukizunguka haraka wakati wa ukame mdogo unarudi kwenye kitalu kabla hakijapona, na duru inayofuata unarudi mapema zaidi kwa sababu hakuna kitu, mpaka unajikuta unazunguka vumbi.

Machi: kupe na minyoo

Mvua imerudi, na kupe nao. Kuna mtu aliniambia malisho ya mzunguko yanamaliza kupe kwa njaa. Ningependa iwe hivyo. Kupe wa kahawia wa masikio, anayeeneza ndigana kali, anaweza kukaa kwenye majani zaidi ya mwaka bila kula. Siku 28 au 42 kwake si kitu. Josho linabaki pale pale kila wiki masika yote, na ndama wamechanjwa dhidi ya ndigana kali. Anayeacha kuogesha kwa sababu anazungusha vitalu atazika ndama.

Minyoo ni habari nyingine. Mayai yanayotoka na kinyesi yanahitaji kama wiki moja ya unyevu na joto kugeuka viluwiluwi vinavyoweza kumwingia ng'ombe. Kundi likiondoka siku ya nne halilishwi juu ya uchafu wake lenyewe. Halimalizi minyoo, maana viluwiluwi vinaweza kuishi wiki nyingi na ng'ombe watarudi, ila mzigo unapungua, na ndama wa mwaka huu wana matumbo madogo na manyoya yanayong'aa.

Kitalu namba 7: mahali zizi lilipokuwa mwezi Novemba panaonekana kutoka mbali. Ni kiwanja cha kijani kibichi chenye pembe nne kamili, juu ya ardhi iliyobaki nyekundu na tupu pande zote. Nilipoinama kuangalia, nilikuta senkrasi changa imeota ndani ya alama za kwato, moja moja, kila shimo na shina lake. Mbegu hatukupanda hapo. Zilikuja na upepo au ndani ya kinyesi, zikapata mahali pa kushikia. Pembezoni kidogo, nje ya mstari wa turubai, mbegu hizo hizo zimesombwa na maji zikalundikana kwenye ukingo wa jiwe.

Aprili: majani ya kukausha

Senkrasi ya kitalu namba 2 imetoa maua. Tumekata ekari 5 kwa mafyekeo, tukaanika siku mbili, tukageuza, tukafunga kwa boksi la mbao. Tumepata marobota 120 ya kilo 15 hivi, yaani kilo 1,800. Si mengi kwa kundi zima. Ni ya ndama na ng'ombe watakaozaa Septemba.

Wengi hukata Juni, majani yakiwa yamekauka yenyewe, kwa sababu kazi ni rahisi na mvua hainyeshei. Lakini hapo wanafunga mabua. Protini ya majani ikishuka chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe vinavyomsaidia kusaga havina chakula, usagaji unapungua, na ng'ombe anakula kidogo zaidi hata kama majani yamejaa mbele yake. Ndiyo maana unaona mnyama amesimama ndani ya majani makavu yanayomfika magotini na mbavu zinahesabika. Ukikata wakati wa maua unaishika protini kabla haijashuka. Kwa majani yaliyosimama hadi Agosti, dawa yetu ni mashudu ya alizeti. Dodoma hatuna shida ya alizeti.

Kitalu namba 9 hatukukigusa kabisa. Kimeachwa kiangushe mbegu. Mpango ni kufunga vitalu viwili kila masika kwa zamu, ili kila kitalu kipate masika kamili ya mapumziko mara moja kila miaka mitano. Wasukuma wana ngitili, Wamaasai wana alalili ya ndama. Kufunga malisho ni elimu ya wenyewe kabla ya neno mzunguko halijafika. Kule Shinyanga, mradi wa kuhifadhi ardhi uitwao HASHI, ulioanza 1986, ulifanikiwa kwa kujenga juu ya ngitili, na zaidi ya hekta 300,000 zikarudi kuwa na miti na majani.

Mwisho wa Mei: hesabu

Hii ndiyo siku niliyokuwa naisubiri tangu Oktoba. Mvua imekwisha, jani halitaota tena mpaka Desemba. Malisho sasa ni ghala lililofungwa mlango wa kuingizia: kilichomo ndicho hicho.

Vifaa ni fremu ya nondo ya sentimita 50 kwa 50, mundu, magunia, na mzani wa jikoni. Unarusha fremu bila kuchagua, unakata kila kilichomo ndani yake, unaanika mpaka kikauke kabisa, unapima. Kila kitalu sehemu kadhaa, nzuri na mbaya, vipara navyo vikihesabika kama sifuri. Wastani wa eneo lote umekuja gramu 40 kwa fremu. Fremu ni robo ya mita ya mraba, kwa hiyo gramu 160 kwa mita ya mraba, sawa na kilo 1,600 kwa hekta. Zidisha kwa hekta 80: kilo 128,000.

Namba hiyo inaweza kumlevya mtu. Gawanya 128,000 kwa 200 upate siku 640, ujione tajiri. Lakini nusu inabaki ardhini, haiguswi, kwa ajili ya kufunika udongo na kulinda mashina. Na ile nusu nyingine haiendi yote tumboni: sehemu inakanyagwa, sehemu inalaliwa, sehemu inachukuliwa na mchwa, na mchwa wa Kongwa si wa kudharau. Kanuni wanayotumia watu wa malisho ni kwamba kinacholiwa hasa ni robo ya vyote. Robo ni kilo 32,000. Gawanya kwa 200: siku 160. Kuanzia tarehe mosi Juni, siku 160 zinaishia tarehe 7 Novemba.

Mvua inaanza Desemba, na jani la kuliwa linapatikana Januari.

Nakaa na namba hii jioni nzima. Hapa ndipo nilipoona faida ya mradi wote iko wapi. Siyo kwamba kuzungusha kumeniongezea majani ya ajabu. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani wakiongozwa na David Briske walipitia majaribio mengi ya nyanda za malisho na kuona kwamba, idadi ya mifugo ikiwa sawa, kuzungusha kwenyewe hakuzidi kuwaachia huru, si kwa majani wala kwa uzito wa ng'ombe. Upande wa pili kuna Allan Savory wa Zimbabwe na wafuasi wake wanaosema kuzungusha kunaweza mengi zaidi, hadi kurudisha majani kwenye majangwa. Mimi nimeona kiwanja cha pembe nne kwenye kitalu namba 7 na ninakiamini. Lakini kiwanja hicho si ekari 200. Ng'ombe wakizidi majani, uwazungushe usizungushe, watakonda. Kilichobadilika ni kwamba sasa ninajua mwezi wa tano jambo ambalo zamani tulikuwa tunalijua mwezi wa kumi, ng'ombe wakiwa wameshaanguka na bei mnadani imeshaanguka nao.

Juni: kikao

Nimepeleka karatasi kwenye kikao cha ukoo. Pendekezo: kuuza wakubwa wanane sasa, wakiwa wamenona, kubaki uniti 24. Kilo 150 kwa siku, siku 213, tunafika mwishoni mwa Desemba.

Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, akakunja karatasi, akanirudishia. "Mwanangu, mvua huijui wewe wala mzani wako. Mwaka huu inaweza kuja Novemba mapema."

Nilimjibu kwa heshima kwamba inaweza pia kuja Januari, na kwamba maksai hatapanda bei kwa kumngojea. Shangazi akauliza swali ambalo lilisaidia kuliko hesabu zangu: nani hapa aliwahi kuuza ng'ombe mwezi wa kumi akarudi nyumbani anacheka? Pakawa kimya kidogo. Mzee mmoja akakumbushia HADO, ule mradi wa kuhifadhi ardhi Dodoma ulioanza 1973, na jinsi mwaka 1979 serikali ilivyoamuru mifugo yote itoke kwenye eneo lililomomonyoka la Kondoa. Majani yalirudi, akasema, lakini ng'ombe walikuwa wameondolewa wote, na aliyeamua hakuwa mwenye ng'ombe. Afadhali mtu apunguze mwenyewe.

Tulimaliza kwa makubaliano ya nusu njia. Wamekwenda sita: maksai wanne na ng'ombe vikongwe wawili waliokuwa hawazai tena. Wawili waliobaki ni wa mjomba, na amekubali kuwalisha kwa mabua ya shamba lake. Nimemwandikia kiasi: uniti 2, kilo 12.5 kwa siku, miezi sita, kilo 2,250. Ameileta yote kwa mkokoteni kabla ya Julai, na zaidi kidogo, ili nisiseme.

Bei ya mnadani ilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia. Madalali walikuwa wengi kuliko ng'ombe.

Agosti: duru ya kiangazi

Mzunguko wa kiangazi ni kitu kingine kabisa. Hakuna mapumziko ya kungojea kwa sababu hakuna kinachoota. Kundi linapita kila kitalu mara moja, linaacha nusu, halirudi. Kazi yake ni kugawa posho.

Tumeanza na vitalu vya mbali, ng'ombe wakiwa bado na nguvu za kutembea, na pia kile kilicho kando ya barabara, kwa sababu ndicho kitakachoungua kwanza mtu akitupa kipisi cha sigara. Vya karibu na bomba vimebakizwa kwa ajili ya Oktoba na Novemba. Namba 9, chenye majani mengi kuliko vyote, kimehifadhiwa kwa ng'ombe watakaokuwa na ndama wachanga. Mkuza wa kuzuia moto tumeulima kwa jembe la ng'ombe kuzunguka upande wa barabara wote, upana wa mita sita.

Mashudu yanatolewa jioni zizini, kidogo, pamoja na chumvi. Tangu tuanze kuyatoa, kundi linarudi lenyewe. Mzee anasema kazi yake sasa ni kuwazuia wasirudi mapema.

Oktoba: majirani

Majani yetu yanaonekana kutoka barabarani na ya majirani yamekwisha. Lilitarajiwa. Kundi la ng'ombe wa watu lililetwa usiku kwenye kitalu namba 3, likala mpaka alfajiri. Alama za kwato zilionyesha wazi lilikotoka, na uongozi wa kijiji uliwaita wahusika. Faini ilitajwa, tuliomba isitozwe, badala yake tukakubaliana wanunue marobota masika yajayo na sisi tuwaonyeshe namna ya kufunga kitalu chao. Sina hakika watafanya. Ila faini ingetuletea adui mwenye kiberiti.

Hasara ya usiku ule nimeikadiria kwa fremu: siku nne au tano za kundi letu. Inabebeka.

Novemba: tulipo leo

Tarehe 7 imepita, ile iliyokuwa siku ya mwisho kwa hesabu ya ng'ombe wote 44. Vitalu viwili bado vina majani ya nusu goti. Ng'ombe wawili wamekonda, wote wananyonyesha, wamepewa marobota. Hakuna aliyeanguka. Kati ya majirani wanne wanaopakana nasi, watatu wameshapeleka ng'ombe mnadani, na mjomba alirudi kutoka huko akisema bei haisemeki.

Kitalu namba 7 tumeweka zizi kwenye kipara cha sita. Masika haya yanayokuja vitakavyofungwa ni namba 4, kilichoumia mwaka jana, na hicho hicho namba 7. Kitakachoumia Desemba ni namba 1. Bomba la vitalu vya mashariki linahitaji roli tatu zaidi na koki nne. Hela ya maksai mmoja imetengwa. Mzee anataka buti mpya za mvua na fimbo ya pili yenye alama zile zile, kwa ajili ya kijana wake atakayemsaidia.